Namba yako ya simu haina mji: kuhusu 051, 057 na kwa nini useve kila mtu na +254

Huku Nakuru bado kuna mabango ya zamani, yale yamechorwa na mkono juu ya maduka, namba ya simu inaanza na 037, na ukichungulia droo ya mzee yeyote aliyekuwa na biashara miaka ya tisini utapata risiti na barua zimepigwa chapa hiyo 037 pale juu karibu na S.L.P. Hiyo ndio ilikuwa kodi ya Nakuru, yaani tarakimu za mwanzo zinazoonyesha mji, kabla igeuzwe iwe 051. Kisumu ilikuwa 035 ikawa 057, Eldoret 0321 ikawa 053, Kakamega 0331 ikawa 056, Mombasa 011 ikawa 041, na Nairobi iliyokuwa 02 tu ikaongezwa ikawa 020. Kuna wakati ukiona tu mwanzo wa namba ulijua huyu ni mtu wa wapi, hata kabla usikie sauti yake.

Naandika hii juu maswali ya simu yananifikia sana kutoka kwa watu wa nyumbani na yote yanafanana. Mbona nikipiga namba ya hospitali iliyoandikwa kwa kadi ya kliniki haishiki na hospitali iko hapa tu ng'ambo ya barabara? Mbona shangazi akiwa Busia akinipigia anaambiwa namba haipo na jana alinipata vizuri? Mbona binamu yetu anaishi Dallas lakini watu wa huko wakiona namba yake wanadhani yuko Minnesota? Kwangu haya ni swali moja limevaa nguo tatu. Simu ya waya ina mahali pake na simu ya mkono haina, na wengi wetu bado tunapiga simu ya mkono na akili ya simu ya waya.

Tuanze na hiyo ya waya. Simu ya mezani ilifungwa kwa nyaya mbili za shaba mpaka kwa eksichenji, ule mtambo wa kuunganisha simu za mji wenu, na eksichenji haikujui kwa jina wala kitambulisho, inakujua kwa ule waya. Ukiinua mkono wa simu ukiwa Nakuru mtambo tayari unajua uko Nakuru, hakuna haja ya kuuambia. Ukianza kubonyeza 221 na zile zingine nne unakusikiliza tarakimu moja moja, unaelewa unatafuta mtu wa hapa hapa mjini, unakuunganisha bila kutoka nje. Ukianza na sifuri ndio mambo yanabadilika. Ile sifuri ya mbele si sehemu ya namba kusema ukweli, ni kuambia mtambo nataka kutoka mji huu, halafu 57 inasema ni Kisumu, halafu zinazobaki ndio zinatafuta nyumba yenyewe kule Milimani ama duka pale Kibuye. Na pesa ilifuata umbali. Ndani ya mji ulilipa kidogo, ukipiga mbali ilikuwa tranki kol na kama uko kwa kibanda cha simu sarafu zilikuwa zinamezwa ukiwa bado kwa salamu. Hii yote ilikuwa chini ya shirika moja, Posta na Simu, mpaka 1999 likagawanywa tukapata Telkom, Posta, na ile tume ya mawasiliano ambayo saa hii inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Sasa simu ya mkono haina waya wa kuitambulisha. Namba yako imewekwa kwa kumbukumbu kubwa ya kampuni yako, na hiyo kumbukumbu ndio inajua saa hii uko chini ya busta gani, yaani mnara gani wa simu. Kwanza hata ile namba unapatia watu si ndio mtandao unatumia kukutambua. Ndani ya laini yako kuna namba ingine ndefu ya tarakimu 15 ambayo hujawahi kuiona, za Kenya zote zinaanza na 639, halafu tarakimu mbili za kampuni, 02 ni Safaricom, 03 ni Airtel, 07 ni Telkom. Mtu akipiga 0722 yako mtandao unauliza kumbukumbu, huyu ako wapi saa hii, inajibiwa Lanet, ama Ahero, ama Mumias, simu inakufuata huko. Hakuna mahali popote kwa hiyo safari ambapo mtu aliuliza ulizaliwa mji gani ama laini ulinunua duka la wapi.

Halafu kuna hili jambo dogo ambalo watu hawaligundui: kwa simu ya mkono unaandika namba yote kwanza, ndio ubonyeze kijani, na inatumwa yote pamoja. Hakuna mtambo unakusikiliza tarakimu moja moja ukikisia uko mji gani. Kwa hivyo ukiandika ile namba ya kadi ya kliniki, 221 na nne zingine, bila 051, mtandao unaona tarakimu saba ambazo si za mtu yeyote. Busta unayoitumia iko Nakuru, wewe uko Nakuru, hospitali iko Nakuru, na bado haisaidii, juu mtandao wa simu za mkono ni nchi nzima na hauna kitu kinaitwa hapa mjini. Ukiwa na simu ya mkono weka kodi kila saa. Hata kama unaona dirisha lao.

Ni kweli laini nyingi za 051 na 057 zimekufa, nyaya za shaba ziliibwa mpaka watu wakachoka kuripoti, lakini kuna hospitali, shule na ofisi za serikali ambazo bado ziko na laini hizo na bado wanachapisha namba bila kodi vile walizoea zamani. Inaniudhi kwa ukweli, juu anayeumia ni mtu ametoka Njoro ama Rongai na mgonjwa, ana kabambe, simu ndogo ya kubonyeza, na kredo ya shilingi chache, na amepewa namba ambayo haiwezi kushika kutoka kwa simu yake.

Tuje kwa +254, kodi ya Kenya yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kosa ambalo naona kila mahali, kwa vipeperushi vya harambee, kwa kadi za biashara, hata kwa tovuti za watu wakubwa, ni +2540722. Ile sifuri haifai kuwa hapo. Sifuri ni ya kutumia ukiwa ndani ya Kenya, ukishaweka 254 kazi yake imekwisha, inatoka. Namba kamili ya Kenya ya simu ya mkono ni 254 na tarakimu tisa, jumla 12, na ukihesabu ukapata 13 jua sifuri imebaki ndani. Ya Kisumu ya waya inakuwa +254 57 na zingine, si +254 057.

Na ile alama ya kujumlisha watu wengine hudhani ni mapambo. Hapana, inafanya kazi. Kila nchi iko na tarakimu zake za kutokea nje, sisi ni 000, nchi nyingi za Ulaya ni 00, Marekani ni 011. Badala ya kukumbuka zote, simu ya mkono inakuruhusu uweke + na mtandao wa pale ulipo unajua maana yake. Simu ya mezani haina hiyo +, ndio maana kutoka kwa simu ya ofisi lazima upige 000 mwenyewe. Hapa Afrika Mashariki tuliwekeana pia njia fupi, kutoka Kenya 006 ni Uganda na 007 ni Tanzania, na wao wakipiga kwetu ni 005, wafanyabiashara wa zamani wa mpakani wanazijua hizo vizuri.

Mpakani ndio somo lote linaonekana wazi. Uganda pia simu za mkono zinaanza na 07. MTN wako na 077 na 078, Airtel ya huko 070 na 075. Sasa shangazi yuko Busia upande wetu kabisa, hajavuka, ameketi kwake, lakini busta ya Uganda iko karibu kuliko ya Kenya na simu yake inashika ya Uganda bila kumuuliza. Hiyo ni romingi tayari. Akipiga 0722 vile amezoea, mtandao uliompokea unaweza kuisoma kama namba ya Uganda, na ya Uganda ya namna hiyo haiko, ndio anaambiwa haipo. Ama ikiwa ni namba inayofanana na ya kule, 0777 kwa mfano, inaweza kumshika mtu wa Mbale ambaye hamjuani. Shangazi anaamini nimebadilisha namba bila kumwambia, na mimi niko hapa Nakuru na simu imewaka. Ukiwa umeseva na +254 hakuna shida yoyote, mtandao wa Uganda unajua hii ni ya Kenya na unaituma kwetu. Malaba ni hivyo hivyo, na Isebania kwa upande wa Tanzania ni hivyo hivyo juu Tanzania pia wana 07 zao.

Dawa ya pili ni kuingia kwa setingi za simu, mahali pa kuchagua mtandao, utoe otomatiki uchague kampuni yako ya Kenya kwa mkono. Fanyia wazazi wako hiyo kama wanaishi karibu na mpaka. Bei za romingi zilishuka sana tangu nchi zetu zianze ule mpango wa mtandao mmoja 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na hata kabla ya hapo Celtel walikuwa wamejaribu kitu kama hicho 2006 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, lakini data ukiwa romingi bado inaweza kukula kredo ukiwa umelala. Na usisahau ukipiga 112 ukiwa umeshikwa na busta ya ng'ambo, inaweza kuwa polisi wa ng'ambo wanaoinua, kwa hivyo kitu cha kwanza kusema ni uko nchi gani.

Sasa binamu wa Dallas. Marekani walichagua njia ingine kabisa na nimeona watu wengi hapa wanadhani dunia yote iko kama sisi. Wao wana eria kodi za tarakimu tatu tangu 1947, halafu namba saba za mtu mwenyewe. Wakati huo simu zilikuwa za kuzungusha, kwa hivyo miji yenye simu nyingi ilipewa kodi fupi kuzungusha, New York 212, Chicago 312. Simu za mkono zilipokuja hawakuzitengea mwanzo wake kama 07 yetu, walizipatia kodi zile zile za miji. Binamu alifikia Minneapolis akapewa 612, akahama na namba yake, na sasa anaishi Dallas na 612 yake na kila mtu akiiona anasema huyu ni wa Minnesota. Kodi inaonyesha mahali alipochukua laini, basi, haionyeshi mahali yuko. Na akipiga tarakimu saba tu bila kodi, zamani mtandao mara nyingi ulimhesabu kuwa anataka mtu wa 612, kodi ya namba yake, hata kama amesimama katikati ya Dallas. Hiyo ya tarakimu saba imeendelea kupungua, na Oktoba 2021 kodi 82 ziliondolewa hapo kwa mpigo mmoja, juu walitaka 988 iwe namba fupi ya mtu mwenye mawazo ya kujiua, na mahali kuna namba za kawaida zinaanza na 988 mtambo ungechanganyikiwa. Hiyo 988 ilianza kufanya kazi nchi nzima Julai 2022.

Tofauti hiyo ndogo, kodi ya mji dhidi ya 07, ndio imeamua nani analipa. Hapa kwetu ukiona 07 unajua ni simu ya mkono, unajua bei yake, unalipa wewe unayepiga, na anayepokea halipi senti. Marekani anayepiga hawezi kutofautisha ya mkono na ya nyumbani kwa kuangalia namba, kwa hivyo haikuwa haki kumtoza zaidi, ndio maana mwenye simu ya mkono alikuwa anakatwa dakika zake hata kwa kupokea. Fikiria hiyo ingekuwa huku. Nyanya yangu pale Vihiga alikaa na simu miezi bila kuweka kredo na bado tulimpata kila jumapili. Kuflashi, ile kupiga na kukata ili upigiwe, kungekosa maana. Ile mesej ya tafadhali nipigie isingekuwepo. Mimi naamini kabisa simu ziliingia vijijini haraka kwa sababu ya hii kanuni moja, kupokea ni bure, na hiyo kanuni imebebwa na mwanzo wa namba ambao watu wanauona kama tarakimu za bure tu.

Kwetu pia kulikuwa na simu ya karibu na simu ya mbali, lakini mpaka wake ulihama kutoka kwa mji ukaenda kwa kampuni. Kupiga kutoka Nakuru mpaka Lodwar, laini ya kampuni moja, ilikuwa rahisi kuliko kupigia jirani wa ploti moja aliye na laini ya kampuni ingine. Ndio maana watu walibeba simu mbili, halafu zile za laini mbili zikaingia. Nyuma yake kulikuwa na ada ambayo kampuni moja inalipa ingine ikipeleka simu kwake, ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika mpaka 2010 ikakatwa nusu ikawa 2.21, na hapo ndio vita vya bei ya shilingi tatu vilianza na tukaongea mpaka masikio yakauma. Imeendelea kushuka, Machi 2024 ikawa senti 41. Aprili 2011 pia tukaruhusiwa kuhama kampuni na namba yako, wachache ndio walihama, lakini tangu hapo usiape kwamba 0733 lazima ni Airtel ama 0722 lazima ni Safaricom.

Kuhusu zile namba za 01 ambazo bado watu wanakataa kushika. Si za wakora. Baada ya 07 kuna tarakimu nane, hiyo ni namba milioni mia moja tu kwa jumla, na ukihesabu watu wenye laini mbili tatu, modemu na mashine za matatu na maduka, zilikuwa zinaisha, kwa hivyo 2019 Mamlaka ikafungua 01. Safaricom wakapewa 0110 na zinazofuata, Airtel 0100 na jirani zake. Na unajua kwa nini 01 ilikuwa na nafasi? Kumbuka Mombasa ilikuwa 011 kabla ihamishwe 041. Ile kuhamisha miji iende kwa 02, 04, 05 na 06 ndio iliacha mahali. Mkora anaweza kukupigia na namba yoyote, kwa hivyo sikiliza maneno yake, si mwanzo wa namba. Kama unataka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa na kitambulisho chako piga *106#, hiyo inasaidia kuliko kuogopa 01.

Kuna pia hizi za ofisi zinaanza 0709, zinafanana na za mkono lakini ziko kwa swichibodi ya kampuni, ukituma mesej haiendi kwa mtu na hakuna haja ya kulalamika hawajibu.

Sasa kazi yenyewe. Chukua simu ya mzazi wako, ingia kwa majina, anza na watu kumi anaopigia sana, toa 0 weka +254, usiache zote mbili. Za waya weka na kodi, +254 51 ya Nakuru, +254 57 ya Kisumu, +254 56 ya Kakamega, +254 55 ya Bungoma, +254 54 ya Kitale. Zile fupi kama 999, 112, 116 ya watoto na 1195 ya waliodhulumiwa nyumbani ziache vile ziko, hizo hazitaki kodi yoyote na ni za bure. Kama mzee anatumia daftari badala ya simu, mwandikie humo pia na + yake, herufi kubwa.

Kwa WhatsApp ni muhimu zaidi siku ile mtu anahama. Ukiwa na laini ya Kenya programu inasoma 0722 na kujua ni ya Kenya kwa sababu yako ni ya Kenya, lakini mtoto akienda Kampala ama Dallas akabadilisha namba ya akaunti, wale wote aliowaseva na sifuri wanaanza kutafutwa kwa nchi mpya na majina yanapotea kwa orodha. Kwa hivyo afanye hiyo kazi ya kubadilisha kabla ya kupanda ndege, akiwa bado na laini ya nyumbani na mtu wa kumsaidia.